Mfumo Unaojua Kusema Sijui

Siku mliyoniaga kwa kustaafu mliniomba vitu viwili: nywila ya ruta ya ghorofani, na neno kwa wanaobaki. Nywila niliwapa hapo hapo. Neno lilinishinda, kwa sababu keki ilikuwa inakatwa, na mimi sijawahi kuongea la maana nikiwa nimevishwa shuka jekundu juu ya koti la suti. Nikasema asanteni, nikaketi, nikala wali.

Sasa niko nyumbani Akheri, nimezungukwa na migomba ambayo haijawahi kunipigia simu kusema mfumo umegoma. Mke wangu analalamika kwamba nashinda nikizunguka uani kama mtu aliyepoteza funguo. Basi nimeona niketi niwaandikie lile neno. Sitawaeleza nilivyopanda cheo, maana nilipanda taratibu kuliko mgeni mwenye kichefuchefu, na mshahara mnaujua, ni huo huo mnaoulalamikia. Nitawaeleza kazi.

Nilipoingia, kampuni yetu ya kupandisha watu mlimani ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa katikati ya mji, na Landrova ambazo zilikaa juu ya jeki muda mrefu kuliko zilivyokaa barabarani. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa redio. Asubuhi na jioni niliwaita waongozaji walioko Mlima Meru, mmoja mmoja, nikawauliza wako wangapi, wazima au vipi, wanashuka lini. Siku ya kwanza nilipiga kelele kwenye maikrofoni mpaka mwongozaji mmoja akanijibu kutoka kwenye kibanda cha juu, "Wewe kijana, punguza sauti. Nakusikia hata bila redio." Ofisi nzima ilicheka, na nilitaniwa kwa jambo hilo mpaka nilipooa.

Majibu niliyaandika ubaoni, ubao mweusi wa shule uliotundikwa ukutani. Tuliandika majina ya wote walioko mlimani: wageni, waongozaji, wapishi na wagumu. Wagumu ndivyo wapagazi wetu wanavyojiita, na aliyewahi kuinua mizigo yao habishi. Mtu akifika kwenye geti la hifadhi, chini ya mlima, jina lake linafutwa. Kilichobaki ubaoni ndicho kilichobaki mlimani. Huo ndio ulikuwa mfumo wetu, na ulikuwa mzuri kuliko mnavyodhani.

Ulianguka mara moja tu. Asubuhi moja mama wa usafi, mtu mpya na mwenye bidii, aliusugua ubao wote kwa kitambaa kibichi, akaukausha, akaukabidhi kwetu kwa fahari. Mkuu wa safari alikaa chini, akashika kichwa. Lakini hakuna aliyepata madhara, na sababu yake niliielewa miaka mingi baadaye: ubao uliofutwa unaonekana kuwa umefutwa. Hata mtoto angetazama weusi ule mtupu na kujua kuna kitu kimepotea. Tulishika redio, tukawaita watu wote upya, na kabla ya chai ya saa nne majina yalikuwa yamerudi.

Kisha kompyuta zikaja, na pamoja nazo akaja Bi. Anande. Wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa mama wa Machame aliyefanya kazi ya mifumo Dar es Salaam kwa miaka mingi, akachoshwa na joto, akapandisha kwetu Arusha kutafuta baridi. Alinikuta nikiwa naogopa kompyuta nisije nikaibonyeza ikalipuka. Akaniuliza kama redio iliwahi kunilipukia. Nikasema hapana. "Basi njoo," akasema, "hii ni redio yenye uso."

Seva yetu ya kwanza ilikaa kwenye stoo ya mahema, kwa sababu ndicho chumba pekee kilichokuwa na kufuli la maana. Mpaka leo nikisikia harufu ya turubai bichi na mafuta ya taa, mikono yangu inatafuta kibodi. Bi. Anande alinifundisha pale, amesimama nyuma yangu, mikono ameifunga mgongoni kusudi asije akanisaidia. Nikikosea ananyamaza. Nikikosea zaidi anakohoa. Alikuwa na bisibisi moja ndogo yenye mpini wa njano, na aliipenda kuliko alivyowapenda baadhi ya mameneja. Nilimwogopa na nilimpenda, na sijawahi kumwambia hilo la pili. Amekwisha kutangulia mbele za haki, basi nalisema hapa.

Umeme wa siku zile ulikuwa na tabia zake. Unakatika, jenereta linawashwa, seva inaamka, na papo hapo kila kompyuta ya ofisi inaikimbilia kanzidata kuiuliza maswali. Kanzidata ni ile ghala ambamo mfumo unaweka kila unachokijua. Ikiulizwa na wote kwa pamoja kabla haijakaa sawa, inalala tena. Tulikuwa tunaiamsha, inalala, tunaiamsha, inalala. Nilianza kuitukana kwa Kimeru.

Bi. Anande akaniuliza, "Ukienda kwa jirani unapiga hodi mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Na asipoitika?"

"Naondoka. Nitarudi baadaye."

"Sasa huu mfumo wenu unapiga hodi mara elfu, kwa ngumi, bila kupumzika. Aliye ndani atavaa viatu saa ngapi aje kukufungulia?"

Mchana ule alikaa akabadilisha namna kurasa zetu zinavyobisha hodi. Mara ya kwanza, unasubiri kidogo. Mara ya pili, unasubiri zaidi. Mara ya tatu, unaondoka kwa adabu na kumwambia mwenye swali kwamba mwenyeji hajaitika. Kanzidata ikaamka taratibu, kama mzee anayeamka, na haikulala tena siku ile. Ninyi leo jambo hilo mnaliita majina marefu na mnaliwasilisha semina. Sisi tuliliita hodi.

Kampuni ikakua. Tukahamia jengo hili la sasa, lenye ukumbi wa mapokezi, na Mkurugenzi wetu akanunua mfumo mpya kutoka kwa kampuni moja ya mjini iliyojua kuuza kuliko kujenga. Ulikuwa wa mtandaoni, wenye rangi, na mwongozaji angeweza kuusoma hata kwenye simu. Ubao ukashushwa. Mahali pake ikawekwa runinga kubwa iliyoonyesha picha ya Meru ikiwa na theluji ambayo huioni hata mara moja kwa mwaka, na chini yake maneno: Walioko mlimani leo, na idadi. Mkurugenzi aliupenda sana ukuta ule. Mawakala kutoka Ulaya wakija, anawasimamisha pale na kahawa mkononi.

Mnajua tovuti hizi zinavyojengwa. Mifupa yake, yaani programu ya msingi iliyoandikwa na wengine, huja tayari, na mifupa hiyo huja na ukurasa wake wa makosa. Siku moja kanzidata ilianguka mawakala wakiwa wamesimama pale pale. Mlima ukatoweka, yakajitokeza maandishi mekundu ya Kiingereza, mistari mingi, pamoja na njia za mafaili yetu na jina la mtumiaji wa kanzidata. Mgeni mmoja akaanza kuyasoma kwa sauti. Mkurugenzi aliona aibu mpaka masikio yakaiva.

Mkutano ukaitwa. Mkurugenzi si mtu mbaya, na msiniwekee maneno mdomoni. Alilelewa kama tulivyolelewa sisi sote huku: mgeni akija, hata kama ndani mnagombana na sufuria imeungua, anapokelewa sebuleni, anacheka nanyi, anaondoka hajui. "Sitaki mgeni aone jikoni kwetu," akasema. "Mfumo ukianguka, uanguke kimya. Mlima ubaki pale."

Fundi wa kampuni iliyotuuzia akasema hilo ni dogo. Kama kanzidata haijibu, ukurasa utachukulia kuwa hakuna kitu, na utaonyesha sifuri. Picha itabaki. Hakuna wekundu.

"Sifuri ni jibu," akasema Bi. Anande.

"Ni namba tu, mama," fundi akamjibu.

"Ni jibu. Nikikuuliza ndani kuna nani, ukaniambia hakuna mtu, maana yake umeingia ukatazama. Wewe hujaingia. Mlango umefungwa, wewe umesimama nje, unaniambia nyumba ni tupu." Akanigeukia mimi. "Nanyaro, waambie ule ubao uliofutwa."

Nikawaeleza kisa cha mama wa usafi. Walicheka sana. Nilikuwa najua kusimulia, ndiyo shida. Waliondoka wakikumbuka kitambaa kibichi, wakasahau ubao. Sifuri ikapita.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Kundi letu lilikuwa limeshuka Meru asubuhi, wageni wamechoka na wana furaha, isipokuwa mgumu mmoja aliyeitwa Eliamani. Ofisini tulimwita Baba Neema. Alikuwa mtu wa Kikatiti, mwembamba, mkimya, anayebeba bila kukunja uso. Goti lilimvimba akiwa kwenye kibanda cha chini, wakakubaliana apumzike kidogo kisha ashuke taratibu pamoja na wagumu wa kundi jingine. Mwongozaji akapiga simu kutoka getini kutujulisha. Mwanaidi wa mapokezi, mnayemfahamu nyote, akaingiza kwenye mfumo kama alivyofundishwa. Runinga ikaandika: Walioko mlimani leo, 1. Gari la pili, la dereva Elibariki, likapelekwa kumchukua pamoja na mahema.

Saa saba mchana diski ya seva ilijaa na kanzidata ikalala. Mimi na Bi. Anande tulikuwa chumba cha seva, mlango umefungwa kwa sababu ya kiyoyozi. Kupata nafasi kwenye diski si kazi ya kutisha, ila inataka utulivu, maana ukifuta kisichopaswa kufutwa unalia. Hatukutoka kwenda mapokezi. Simu haikuita kulalamika. Ndivyo mfumo unaoanguka kimya ulivyo: hata mafundi wake unawaacha kwa amani.

Kule getini Elibariki alisubiri. Wagumu wa lile kundi jingine walikuja, wakasema walimwacha Baba Neema nyuma kidogo, au labda alitangulia kwa njia nyingine, hawakuwa na hakika. Akapiga simu ofisini.

"Dada Mwanaidi, huyu mtu wangu vipi? Au alishuka na gari la kwanza?"

Mwanaidi akainua macho kwenye runinga. Asubuhi iliandika moja. Sasa iliandika sifuri. Fikirieni mngekuwa ninyi. Namba imebadilika, basi kuna aliyeibadilisha, basi kuna anayejua. "Ameshashuka, kaka," akasema. "Mlimani hakuna mtu wetu. Rudi."

Askari wa getini walimwuliza Elibariki kama watu wake wametimia. Akajibu wametimia, ofisi imethibitisha. Hakudanganya. Alibeba tu sifuri yetu akaipeleka mbele. Akapakia mahema, akawasha gari.

Baadaye kidogo ikaja simu nyingine, kutoka Kikatiti. Alikuwa mke wa Baba Neema. "Shikamoo dada. Namwulizia Baba Neema. Simu yake haipatikani, na alisema leo anashuka."

"Marahaba mama. Wameshuka wote. Mlimani hakuna mtu wetu hata mmoja."

Mwanaidi alinisimulia jibu la yule mama. Alisema, "Kumbe. Basi najua aliko," na simu ikakatika.

Kilichotokea Kikatiti tulikijua baadaye. Kwa hesabu ya mke, mume ameshuka, ana hela ya safari mfukoni, simu imezimwa, nyumbani hajafika. Kulikuwa na maneno ya zamani kuhusu mwanamke mmoja wa mji wa Usa, maneno ambayo hata mke mwenyewe alikuwa ameshayazika. Mama Neema aliyafukua. Alikusanya nguo za mumewe, akazitia kwenye kiroba, akambebesha shemeji yake azipeleke kwa wakwe. Alifanya hivyo bila kelele, watoto wakimtazama. Hilo ndilo jambo ninalolikumbuka hata sasa nikiwa napalilia. Mashine yetu iliwaza sifuri, na kule Kikatiti nyumba ikavunjika.

Bi. Anande alitoka chumba cha seva jioni inakaribia, anatafuta chai. Akapita mapokezi. Nilikuwa nyuma yake, nikamwona anasimama mbele ya runinga.

"Kanzidata imelala tangu saa saba," akasema. "Hii sifuri imeipata wapi?"

Mwanaidi akasimama. Hakuna aliyehitaji kumweleza kitu. Aliweka mkono mdomoni, akasema, "Nimemwambia Elibariki aondoke." Kisha akasema, "Na mke wake nimemwambia."

Wakati ule Elibariki alikuwa amefika Usa. Tulimwambia ageuze, na tukapiga simu getini. Mimi nilichukua gari la ofisi, nikaendesha jinsi ambavyo nimewakataza ninyi kuendesha. Nilikuwa na hofu, na nilikuwa na hasira, na hasira ilikuwa rahisi zaidi kuibeba, basi nikaishika hiyo. Nilimtukana yule fundi tangu Daraja Mbili mpaka njia ya mbugani.

Nilipofika getini jua lilikuwa bado lipo, dogo, nyuma ya mlima. Askari wawili walikuwa wameshapanda na bunduki zao. Elibariki alisimama kando ya gari. Wakashuka naye Baba Neema katikati, ameshikiliwa mabegani, amelowa chapachapa, meno yanagongana. Tulimfunika kwa kila kitu kilichokuwemo garini, hata hema.

Mtu wa kwanza kuongea alikuwa yeye. Alimwambia Elibariki, pole pole, bila lawama, "Nilikuona unapakia."

Ikatubidi tumsikilize. Alikuwa amefika ukingo wa msitu, pale njia inapotokeza kwenye uwanda wa majani, na kutoka pale geti linaonekana. Lakini nyati walikuwa wamelala kwenye uwanda, kundi zima, na mtu mwenye goti lile hawezi kukatiza mbele ya nyati peke yake. Akasubiri wasogee. Gari alikuwa analiona. Alijua anasubiriwa, basi hakuwa na wasiwasi. "Nikaona umefunga mlango wa nyuma," akasema. "Nikavua koti, nikapunga. Nikapunga sana." Mvua ikaanza. Gari likaondoka.

Elibariki alilia, mtu mzima, amegeukia gari. Nami sikuwa mbali na machozi.

Baada ya wiki kadhaa, goti likiwa limefungwa, mume na mke walikuja ofisini. Wazee wa kanisa walikuwa wamekaa nao, kiroba kilikuwa kimerudi, lakini ukiwatazama uliona kwamba hakijarudi chote. Mkurugenzi aliwapokea vizuri, akaagiza soda, akaomba radhi kwa maneno mengi na mazuri. Mama Neema alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mwanamke mfupi, kitenge amekifunga vizuri, na chupa ya soda hakuigusa.

"Naomba niulize," akasema. "Saa ile nilipopiga simu, mlikuwa mnajua au hamjui?"

Mkurugenzi akasema hawakujua, mfumo ulikuwa na hitilafu.

"Mngesema hamjui, ningepanda pikipiki nimfuate mwenyewe." Akamtazama mumewe, kisha akatazama mikono yake. "Mlinifanya nimchukie wakati yuko kwenye mvua."

Walipoondoka Mkurugenzi alibaki amesimama pale mapokezi, anautazama mlima wake wenye theluji. Akamwita Bi. Anande, akamwambia kwa sauti ya chini, "Andikeni hamjui. Hata kama mgeni amesimama hapa."

Hapo ndipo kazi yangu ya kweli ilianza, na ndiyo mliyoikuta na wakati mwingine mnaidharau kwa sababu inafanya kazi. Bi. Anande alikaa nami kwenye chumba cha seva, mikono mgongoni. Tulipita ukurasa kwa ukurasa. Kila mahali msimbo, yaani maelekezo ya programu, ulipoishika hitilafu na kurudisha orodha tupu, mama wa ile sifuri, tulitoa orodha tupu tukaweka kitu cha tatu. Si "wapo", si "hawapo", bali "sijui". Ukurasa wowote usiojua la kufanya na "sijui" ulikataa hata kufunguka tulipokuwa tunaujenga, kusudi mvivu asipite. Mnanuna mnapokutana na kikwazo hicho. Nuneni tu, lakini msikiondoe.

Halafu tukaufundisha mfumo kukumbuka. Kila baada ya muda mfupi unaweka nakala ya walioko mlimani kwenye mashine ya mapokezi yenyewe, pamoja na saa yake. Kanzidata ikilala, runinga inaonyesha nakala ile kwa rangi ya kijivu na inasema wazi kwamba ni habari ya saa fulani, si ya sasa. Habari ya kale si mbaya. Mbaya ni habari ya kale iliyovaa nguo mpya. Na Mwanaidi akiingiza jambo wakati huo, halipotei hewani. Linakaa kwenye mashine yake, na linamwambia: nimelishika hapa, halijafika, nitalipeleka. Hapo nyuma mfumo ulikuwa unasema "Asante!" kwa kitu ulichokitupa.

Maneno yenyewe yalitushinda kwa siku mbili. Mimi niliandika kifungu kirefu chenye "tunasikitika" na "usumbufu utakaojitokeza". Bi. Anande akakisoma, akakohoa. Akasema mtu aliyeko getini kwenye mvua hana haja ya masikitiko yangu, anataka kujua afanye nini. Mwishowe tukaandika: Sijui nani yuko mlimani kwa sasa. Mara ya mwisho nilipojua walikuwepo hawa. Gari lisiondoke.

Jambo la mwisho lilikuwa ni kuzima kwa makusudi. Mara kwa mara, saa ya chai, bila kutangaza, mmoja wetu anaizima kanzidata na wote tunatazama mfumo utafanya nini. Mkurugenzi aliposikia mara ya kwanza alidhani tumerogwa. Lakini mfumo usiowahi kuanguka mbele yako utaanguka nyuma yako. Ukiwa na bahati utakuwa umemaliza chai yako.

Bi. Anande alistaafu kabla kazi hiyo haijajaribiwa kwa ukweli. Aliniachia bisibisi ya njano bila kusema neno; niliikuta tu juu ya kibodi yangu. Nikawa mimi wa kusimama na mikono mgongoni.

Siku ya kujaribiwa ilikuja na mawakala, kama kawaida ya siku hizo. Baba Neema alikuwa amerudi mlimani, goti limepona kiasi cha kupika ingawa si kubeba, na kundi lake lilikuwa linashuka. Mchana kebo ilikatwa na watu wanaochimba barabara, na kanzidata, ambayo wakati huo tulikuwa tumeihamishia mbali, ikawa haipatikani. Runinga ikabisha hodi mara tatu. Kisha mlima ukawa kijivu, na neno "Sijui" likakaa ukutani, kubwa, mbele ya wageni wanne wenye vikombe.

Nilikuwa mlangoni. Mmoja wa wageni akamwuliza Mkurugenzi pameandikwa nini. Nilimwona anaweka kikombe chake mezani. Kisha akamjibu kwamba pameandikwa kuwa kwa sasa hatujui watu wetu wako wapi, na kwamba mpaka tujue, gari lao haliondoki. Yule mgeni akatikisa kichwa taratibu kukubali, akautazama ukuta kwa muda mrefu. Sikusubiri kusikia atasema nini. Nilikwenda kwenye simu ya mezani kumpigia mtu wa kebo, nikakuta inaita.

Mwanaidi akaipokea. Akasikiliza, uso ukambadilika. Akaziba simu kwa kiganja, akaniambia kwa midomo tu, "Mama Neema." Nilitaka kuichukua ile simu, lakini Bi. Anande alinifunza, nikaifunga mikono mgongoni.

"Marahaba mama," Mwanaidi akasema. Akatazama ukutani. "Mama Neema, sijui. Mfumo umelala, simwoni hapa. Mara ya mwisho nilipojua, saa nne, alikuwa bado mlimani. Elibariki yuko getini na gari. Haondoki bila yeye."

Mkurugenzi alikuwa amegeuka, na wageni wake wamegeuka naye. Kwenye simu ile ya mezani, ambayo sauti yake husikika hata kwa aliyesimama kando, nilimsikia yule mama anashusha pumzi.

"Asante kwa kuniambia," akasema. "Basi acha nimbandikie maharage."